Namna ya Kuandika Wasifu wa Jaji Mstaafu: Mwongozo kwa Waandishi wa Tabora na Kigoma

Jaji akistaafu au akifariki, hutafutwa ndugu au jirani "anayejua kuandika". Anapewa siku mbili na maneno matatu ya kuanzia: mwadilifu, mchapakazi, mcha Mungu. Kinachotoka ni ukurasa ambao ungemfaa pia mwalimu mkuu, meneja wa benki au katibu tarafa. Mwongozo huu ni wa anayepewa kazi hiyo, iwe ni wasifu wa kusomwa msibani, makala ya jarida la shule, kipindi cha redio au kijitabu cha familia. Unahusu kanda ambayo kwa miaka mingi mashauri yake mazito, ya Kigoma yakiwemo, yalikwenda Mahakama Kuu Tabora, kabla Kigoma haijapata Mahakama Kuu yake.

Jambo la kushika mapema ni hili: msimamo wa jaji utauona kwenye hukumu zake, hasa pale sheria ilipomwachia nafasi ya kuchagua. Pale sheria ilipomfunga mikono hakuna cha kusifia wala cha kulaumu. Sehemu kubwa ya kazi yako ni kutenganisha hayo mawili.

Tarehe kwanza, sifa baadaye

Chukua karatasi moja uigawe safu nne: cheo, kuteuliwa, kuapishwa, kituo. Kuteuliwa na kuapishwa ni tarehe mbili tofauti, na hapo ndipo watu wa nyumbani huanza kupingana. Mtoto anakumbuka siku redio ilipotangaza, mama anakumbuka siku walipokwenda Ikulu. Ya kuanzia kazi ni ya kiapo, kwa kuwa Katiba hairuhusu jaji kushika madaraka kabla ya kuapa. Tarehe ya uteuzi itafute kwenye Gazeti la Serikali, usitegemee kumbukumbu ya mtu.

Vyeo vichunge. Mahakama ya Mwanzo, ya Wilaya na ya Hakimu Mkazi zina mahakimu. Majaji wanaanzia Mahakama Kuu. Jaji Mfawidhi ndiye msimamizi wa kanda, kama Tabora au Kigoma. Jaji Kiongozi ni mmoja nchi nzima, chini ya Jaji Mkuu, na ndiye msaidizi wake katika kusimamia Mahakama Kuu. Ukiambiwa "alikuwa jaji mkuu wa Tabora", maana yake karibu kila mara ni Jaji Mfawidhi. Andika hivyo hata kama familia inapenda lile la kwanza.

Usidhani kila jaji alipanda kutoka hakimu. Ibara ya 109 ya Katiba inataka mwenye sifa maalum za sheria kwa muda usiopungua miaka 10, na sifa hizo zinaweza kupatikana kwenye uhakimu, uwakili au utumishi wa umma. Aliyekaa Mahakama ya Mwanzo Urambo au Kibondo na aliyetoka ofisi ya uwakili mjini ni watu wawili tofauti mbele ya shahidi wa kijijini. Tofauti hiyo inastahili aya yake.

Karatasi ikijaa, ipitishe kwenye vipimo vichache. Jaji wa Mahakama Kuu anastaafu akitimiza miaka 60, ila anaweza kuomba kuondoka akiwa na 55. Jaji wa Rufani anastaafu akiwa na 65. Rais anaweza kumwongezea muda, kama ilivyokuwa kwa Jaji Mkuu Ibrahim Hamis Juma, aliyetimiza 65 mwaka 2023 na kuondoka 2025. Hesabu zisipokubaliana, ama tarehe ya kuzaliwa ina kasoro au kuna nyongeza ya muda ambayo hujaambiwa. Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilianza 1979, baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika 1977, kwa hiyo "Jaji wa Rufani wa Tanzania tangu 1975" hayupo. Tenganisha pia kukaimu na kushika cheo kamili. Jaji Juma huyohuyo alikaimu tangu Januari 2017 na kuthibitishwa Septemba mwaka huo, na mwandishi mwenye haraka huandika mwezi wowote kati ya hiyo miwili.

Kipimo kingine kinasahaulika sana. Haki za binadamu ziliingizwa kwenye Katiba mwaka 1984, lakini mahakama hazikuruhusiwa kuzitumia kubatilisha sheria hadi Machi 1988. Ukisimuliwa kwamba jaji wako alifuta sheria fulani mwaka 1986 kwa kutumia haki hizo, simama hapo. Huenda mwaka umekosewa, au shauri lilikuwa la namna nyingine kabisa.

Kutafuta hukumu na kuzichagua

Anza na TanzLII, hazina ya hukumu ya Mahakama ya Tanzania mtandaoni, ambayo haina malipo. Tafuta kwa jina la ukoo la jaji, kisha punguza kwa mwaka na kituo. Jaribu tahajia zaidi ya moja, maana jina moja linaweza kuwa limeandikwa kwa "y" mahali pamoja na kwa "i" pengine. Hukumu za miaka ya karibuni zimejaa humo. Ukirudi nyuma, zinapungua, na hapo utahitaji vitabu: High Court Digest ya miaka ya 1967 hadi 1972, na Tanzania Law Reports kwa miaka ya baadaye. Omba kuvisoma kwenye maktaba ya Mahakama Kuu au kwa wakili mkongwe mwenye kabati lake.

Kwenye vitabu hivyo, herufi baada ya jina ndizo zinazokuonyesha cheo siku ile: J ni Jaji wa Mahakama Kuu, JK ni Jaji Kiongozi, JA ni Jaji wa Rufani, CJ ni Jaji Mkuu. Herufi hizo zinarekebisha karatasi yako ya tarehe bila kumsumbua mtu. Mwaka ulio kwenye mabano ya mraba, lakini, ni wa kitabu, si lazima uwe wa hukumu. Shauri la Mchungaji Christopher Mtikila kuhusu mgombea binafsi limechapishwa kwenye [1995] TLR 31, yaani Tanzania Law Reports ya 1995, ukurasa wa 31, ilhali Jaji Kahwa Lugakingira alilitolea hukumu mwaka 1994. Tarehe ya hukumu iko mwishoni mwa hukumu yenyewe.

Huhitaji hukumu mia. Tano au sita zinatosha, mradi zitofautiane. Tafuta moja ambayo Serikali ilishindwa, moja ambayo aliyeshindwa ni mtu wa kuonewa huruma, moja ndogo kabisa ya ardhi au mirathi iliyoanzia Mahakama ya Mwanzo, na moja iliyotenguliwa juu. Hiyo ya mwisho familia huomba iachwe. Usiiache.

Kutenguliwa si aibu, na mara nyingine ndiko kunakoonyesha jaji alisimama wapi. Mwaka 1994 Jaji James Mwalusanya aliamua katika shauri la Mbushuu kwamba adhabu ya kifo inapingana na Katiba. Mwaka uliofuata Mahakama ya Rufani ikatengua. Anayeficha nusu ya pili anadanganya kuhusu sheria, na anayeficha ya kwanza anamfuta jaji. Lile la Mtikila lilikwenda mbali zaidi: Bunge lilibadili Katiba kumzuia mgombea binafsi, Mahakama Kuu ikampa Mtikila ushindi tena 2006, Mahakama ya Rufani ikakaa na majaji saba mwaka 2010 na kusema jambo hilo ni la Bunge, kisha Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, Arusha, ikasema mwaka 2013 kwamba haki za mlalamikaji zilivunjwa. Unapoandika juu ya jaji yeyote aliyegusa shauri refu la namna hiyo, taja alikalia hatua ipi, wala usimpe safari nzima.

Kwa hukumu ndogo iliyobeba jambo kubwa, soma ya Bernardo Ephrahim dhidi ya Holaria Pastory, Mahakama Kuu Mwanza, 1990, pia ya Mwalusanya. Ilianzia Mahakama ya Mwanzo wilayani Muleba: mwanamke ameuza shamba la ukoo alilorithi, ndugu wa kiume anataka mauzo yafutwe kwa sababu mila ya Kihaya haimruhusu mwanamke kuuza. Jaji akaipima mila kwa kipimo cha Katiba, akaona mwanamke ana haki sawa ya kuuza. Angalia alivyojenga hoja: mila inasemaje, Katiba inasemaje, mikataba ambayo Tanzania imeridhia inasemaje, kisha amri. Ukitafuta hukumu za jaji wako kutoka Nzega, Sikonge, Kasulu au Kakonko, zisome kwa mpango huohuo. Mirathi na mashamba ndiyo yanayofika kwa wingi kutoka vijijini, na huko ndiko jaji anakoonekana akiwa hana waandishi wa habari mbele yake.

Mtu mmoja, au jopo?

Kosa hili linastahili kichwa chake kwa sababu linaharibu wasifu hata wa wasomi. Kwa kawaida Mahakama Kuu jaji hukaa peke yake, hivyo hukumu ni yake. Mahakama ya Rufani kwa kawaida hukaa majaji watatu, na hukumu huandikwa na mmoja kwa niaba ya mahakama. Jina la aliyeandika likiwa si la jaji wako, huwezi kusema "aliandika". Unaweza kusema "alikuwa kwenye jopo lililoamua".

Mfano uko hapahapa Kigoma. Baada ya uchaguzi mdogo wa 1994 wa Kigoma Mjini, Dk. Aman Walid Kabourou alipinga ushindi wa mgombea wa chama tawala. Matokeo yakabatilishwa, na rufaa ya Serikali, iliyochapishwa kwenye [1996] TLR 156, inakumbukwa hasa kwa yale iliyosema juu ya redio ya taifa kuupendelea upande mmoja. Ilikuwa enzi za Jaji Mkuu Francis Nyalali, aliyeshika cheo hicho tangu 1977 hadi 2000. Mtaani utaambiwa "Nyalali alifuta uchaguzi wa Kigoma". Wewe andika "Mahakama ya Rufani", kisha taja jopo kama linavyosomeka kwenye ukurasa wa kwanza wa hukumu.

Kulifikia jalada

Hukumu iliyochapishwa inakupa sauti ya jaji. Jalada linakupa mkono wake, kwa maana halisi, kwa sababu kwa miongo mingi jaji mwenyewe ndiye aliyeandika mwenendo wa shauri kwa kalamu, neno kwa neno, huku shahidi akisimama akisubiri.

Andika barua kwa Naibu Msajili wa kituo husika. Isizidi nusu ukurasa: "Naomba ruhusa ya kupitia jalada la Shauri la Jinai Na. … la mwaka …, Jamhuri dhidi ya …, lililosikilizwa katika kikao cha … kwa ajili ya kuandika wasifu wa Mheshimiwa Jaji Mstaafu …" Weka namba ya simu na nakala ya kitambulisho. Namba ya shauri ndiyo roho ya barua. Ukiwa na jina la mshtakiwa tu, karani atalazimika kupekua rejista mwaka hadi mwaka, na barua yako itakaa chini ya nyingine. Kwa mashauri ya zamani ya Kigoma anza kuuliza Tabora, kwa sababu huko ndiko kanda ilikokuwa. Uliza ada kabla ya kuomba nakala, ulipe kwa namba ya malipo ya Serikali, na utunze risiti.

Ukipewa jalada la mauaji la miaka ya 1980 au 1990, litasomeka kwa mpangilio huu: hati ya mashtaka, maelezo ya awali yasiyobishaniwa, ushahidi wa upande wa Jamhuri, uamuzi kama mshtakiwa ana kesi ya kujibu, utetezi, muhtasari wa jaji kwa wazee wa baraza (raia wa kawaida wanaokaa na jaji na kumpa maoni), maoni ya kila mzee, hukumu. Nenda moja kwa moja kwenye muhtasari kwa wazee. Sheria ya wakati ule ilimtaka jaji akae na wazee wasiopungua wawili, na asikilize maoni yao, ingawa hayakumfunga. Tangu marekebisho ya 2022 wazee si lazima tena, kwa hiyo wasomaji vijana hawaujui utaratibu huo. Ueleze kwa sentensi mbili. Kwenye muhtasari ndipo utakapoona kama jaji aliwafafanulia wazee tofauti ya kuua kwa kukusudia na bila kukusudia, au aliwasukuma kwenye jibu alilokuwa nalo tayari. Katika kanda hii, ambako tuhuma za uchawi zimewaponza wazee wengi, hasa akina mama, muhtasari huo unaonyesha jaji alivyoiweka sheria mbele ya watu wanaouogopa uchawi kweli.

Angalia pia pembeni mwa karatasi na kwenye tarehe za kuahirisha. Kila kuahirisha kuna sababu: shahidi hajafika, wakili mgonjwa, barabara haipitiki kwa mvua, gari moshi limechelewa. Hesabu ngapi zilitokana na mahakama na ngapi na pande zenyewe. Hesabu hiyo ina uzito kuliko sentensi yoyote ya "alichukia ucheleweshaji".

Usinakili majina ya watoto, ya waathirika wa makosa ya kujamiiana, wala undani wa ndoa ya watu. Tumia herufi, au acha kabisa.

Usimsifu kwa alicholazimishwa

Hapa ndipo mwandishi anapojulikana kama ameielewa kazi. Kifungu cha 197 cha Kanuni ya Adhabu kinamtaka anayepatikana na hatia ya kuua kwa kukusudia ahukumiwe kunyongwa. Jaji hana uchaguzi, isipokuwa kwa mwanamke mjamzito au aliyekuwa chini ya miaka 18. Kuandika "hakuwa na huruma kwa wauaji, alinyonga wengi" ni kumpa sifa au lawama isiyo yake. Kwenye kuua bila kukusudia mambo ni mengine: adhabu ya juu ni kifungo cha maisha na kiwango cha chini hakipo, kwa hiyo jaji anaweza kumwachia mtu kwa masharti au kumfunga miaka mingi. Kusanya adhabu alizotoa kwenye makosa hayo, soma sababu zake, ndipo useme kitu juu ya huruma au ukali wake.

Hali ni hiyohiyo kwenye kutaja mali. Viongozi wa umma, majaji wakiwemo, wanatakiwa kisheria kupeleka tamko la mali kwa Sekretarieti ya Maadili kila mwaka. Kutimiza hilo ni wajibu. Au chukua Jaji Augustino Ramadhani, Mtanzania aliyekuwa jaji wa Mahakama ya Afrika: shauri la Mtikila liliposikilizwa Arusha, yeye hakukaa, lakini itifaki ya mahakama ile inamkataza jaji kusikiliza shauri la nchi yake. Si mfano wa kujitoa kwa hiari. Kujitoa kwa kweli ni pale jaji anaposema mwenyewe mahakamani kwamba anamfahamu mmoja wa wahusika, kabla hajaombwa na mtu. Likitokea, limeandikwa kwenye mwenendo pamoja na tarehe.

Watu wa kuwauliza

Jaji mwenyewe, akiwa hai, hatakueleza alivyofikia hukumu fulani, na usimlazimishe. Muulize utaratibu: aliandika hukumu saa ngapi, alisoma jalada mara ngapi kabla ya kuingia mahakamani, alifanyaje shahidi alipoongea Kinyamwezi au Kiha na mkalimani akafupisha. Swali la mkalimani huwafungua wengi. Muamkie ipasavyo, "Shikamoo Mheshimiwa", hata kama siku hizi unamkuta akichunga mbuzi zake Uyui. Cheo hakikumtoka kwa kustaafu.

Wanaomjua zaidi ni wengine. Katibu muhtasi wake anajua hukumu ilichapwa upya mara ngapi kwa sababu ya neno moja. Karani wa mahakama anajua kama aliingia saa tatu kamili au watu walikaa hadi saa tano. Dereva anajua nani alikataliwa lifti njiani kwenda kwenye kikao Kasulu. Wakili aliyeshindwa mbele yake ni shahidi bora kuliko aliyeshinda. Muulize kama alipewa nafasi ya kumaliza hoja. Kila sifa uliyopewa iulizie swali moja: lini, na nani mwingine alikuwepo? Isiyojibika iache kwenye daftari.

Zile hadithi za bahasha iliyorudishwa zipo kwa kila jaji aliyewahi kusifiwa, na nyingi zinafanana hadi rangi ya bahasha. Kama hakuna aliyeshuhudia, isiingie. Ikiwa ina shahidi, usimtaje anayedaiwa kutoa rushwa kama hakushtakiwa, utajikuta wewe ndiye mdaiwa.

Kuandika na kukaguliwa

Kwa jarida, maneno 1,500 yanatosha: moja ya tano iwe kuzaliwa, shule na familia, sehemu kubwa iwe zile hukumu, iliyobaki iwe namna alivyofanya kazi. Wasifu wa msibani ni ukurasa mmoja na nusu, wa kusomwa kwa dakika 6 au 7, na hukumu moja tu, ile ndogo ya kijijini, isiyohitaji maelezo ya sheria. Kuwa mwangalifu zaidi na huo mfupi kuliko ule mrefu, kwa sababu ndio utakaonakiliwa kwenye kila kitu baadaye, na makosa yake yote.

Hukumu za Mahakama Kuu za kabla ya mabadiliko ya sheria ya 2021, yaliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, karibu zote zimeandikwa Kiingereza. Ukinukuu, sema tafsiri ni yako, na nukuu sentensi nzima. Nusu sentensi ya jaji ni rahisi kuigeuza ikasema kinyume, hasa ukikata kabla ya neno "hata hivyo".

Shauri ambalo bado liko mahakamani kwa rufaa au mapitio liache, hata likiwa ndilo tamu kuliko yote. Kisha toa nakala tatu. Moja iende kwa familia, wakague majina, makabila, madhehebu na watoto, bila ruhusa ya kufuta hukumu. Ya pili iende kwa wakili, akague vyeo, vifungu na matokeo ya rufaa. Ya tatu mpe karani mstaafu wa kituo alichofanyia kazi, na umwombe apige mstari chini ya kila tarehe asiyoiamini.